Fedha za Nafuu za Marekani: Jinsi Zilivyodaiwa, na Kwa Nini Zilichelewa

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za fedha ambazo Serikali ya Marekani iliwagawia watu wake katika miaka ya 2020 na 2021, wakati wa maradhi ya korona, na jinsi fedha hizo zilivyodaiwa katika hesabu za kodi. Huenda mtu akauliza, "Mambo ya kodi ya Marekani yatuhusu nini sisi?" Swali hili ni la haki. Lakini nyumba nyingi za kwetu, tangu pwani mpaka Kongo, zina mtoto, ndugu au jirani aliyekwenda kukaa huko. Mmoja kwa masomo, mwingine kwa kazi, mwingine kwa kuikimbia vita. Katika miaka ile ndugu huyo alipoandika kwamba Serikali imetoa fedha, lakini zake hazijafika, wako waliomwona mwongo. Walisema anaficha mali ili asiwatumie wazee wake. Mara nyingi alikuwa akisema kweli, nasi twataka kueleza sababu.

Kwanza yapasa kujua desturi ya kodi ya nchi ile. Huko kodi ya mapato hukatwa kidogo kidogo katika mshahara, kabla mfanyakazi hajaupokea mkononi. Mwaka ukiisha, kila mtu ambaye sheria yamtaka hujaza karatasi ya hesabu, ambayo namba yake ni 1040, akaandika mapato yake yote, watu anaowalea, na kodi iliyokwisha kukatwa. Kwa kawaida karatasi hiyo hupelekwa kabla ya katikati ya mwezi wa Aprili. Ikiwa zilikatwa fedha zaidi ya zile zilizopasa, Idara ya Kodi humrudishia zilizozidi. Hizo ndizo tutakazoziita marejesho.

Sasa, nafuu ya kodi ni kiasi ambacho sheria yamruhusu mtu kukitoa katika kodi anayodaiwa. Ziko nafuu za namna mbili, na tofauti yake si ndogo. Tuseme mtu anadaiwa kodi ya dola 300, naye amepewa nafuu ya dola 1,200. Kama ni nafuu ya namna ya kwanza, kodi yake itakuwa si kitu, na zile dola 900 zilizosalia zimekwenda bure. Kama ni ya namna ya pili, kodi itafutwa, kisha dola 900 atapewa yeye mwenyewe. Nafuu tunayoisema leo ilikuwa ya namna ya pili. Hata mtu asiyedaiwa kodi yo yote, hata aliyekaa mwaka mzima bila kazi, aliweza kuipata yote. Hapo ndipo walipokosea maskini wengi. Walidhani kwamba asiyelipa kodi hana haja ya karatasi ya kodi, wakaiacha, na haki yao ikabaki katika Hazina.

Malipo yalikuwa matatu. La kwanza liliamriwa na sheria iliyotiwa saini tarehe 27 Machi 2020: kila mtu mzima dola 1,200, na kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 17 dola 500. La pili ni la sheria ya tarehe 27 Desemba 2020: dola 600 kwa kila mtu mzima, na dola 600 kwa kila mtoto wa umri huo huo. La tatu ni la sheria ya tarehe 11 Machi 2021: dola 1,400 kwa kila mtu, na safari hii walihesabiwa wote wanaolelewa na mwenye nyumba, hata bibi mzee, hata kijana wa chuo aliyepita miaka 17, ambao katika malipo mawili ya kwanza hawakupewa cho chote.

Wenye mapato makubwa walipunguziwa. Katika malipo ya kwanza, mtu asiye na ndoa aliyepata zaidi ya dola 75,000 kwa mwaka, au mume na mke waliopata pamoja zaidi ya dola 150,000, walikatwa dola 5 kwa kila dola 100 zilizozidi. Basi mtu mmoja mwenye mapato ya dola 77,000 alipewa 1,100 badala ya 1,200. Katika malipo ya tatu upunguzaji ulikuwa mkali zaidi, hata mtu asiye na ndoa na asiye na wa kumlea, akifikia dola 80,000, hakupata kitu.

Wakulima wa kahawa wenye chama cha ushirika watafahamu upesi neno linalofuata. Mkulima akipeleka kahawa yake, chama humpa fedha za kwanza kabla kahawa haijauzwa; baadaye, hesabu ikiisha kufanywa, hupewa kile kilichosalia. Hakuna mkulima mwenye akili atakayekwenda kudai bei yote tena kana kwamba hakupokea kitu. Ndivyo zilivyokuwa fedha za Marekani. Zilizotumwa majumbani zilikuwa fedha za kwanza, zimekadiriwa kwa hesabu za kodi za miaka ya nyuma ambazo Idara ilikuwa nazo. Nafuu yenyewe ilihesabiwa baadaye katika karatasi ya kodi: malipo ya kwanza na ya pili katika hesabu ya mwaka 2020, malipo ya tatu katika hesabu ya mwaka 2021. Katika karatasi za miaka yote miwili mahali pake palikuwa mstari wa 30, na katika mstari huo aliandika tu kile kilichopungua. Tofauti moja na ushirika ni hii: mtu aliyetumiwa zaidi kwa sababu mapato yake ya zamani yalikuwa madogo hakudaiwa kurudisha. Lakini aliyetumiwa pungufu aliweza kudai, mathalan mtu aliyeachishwa kazi mwaka 2020, au aliyezaliwa mtoto mwaka ule.

Tuchukue mfano wa mume, mke na watoto wawili wadogo. Malipo ya kwanza yao ni 1,200 mara mbili na 500 mara mbili, yaani 3,400. Malipo ya pili ni 600 mara nne, yaani 2,400. Jumla ni dola 5,800. Tuseme walipokea zile 3,400, kisha wakahama nyumba, na zile 2,400 hazikutolewa. Katika mstari wa 30 yawapasa kuandika 2,400. Lakini baba, akisikia kwamba nafuu ya jamaa yake ni 5,800, aandika 5,800. Huko Idarani daftari lasema kwamba 3,400 zilikwisha kwenda. Hesabu mbili hazipatani. Mtambo wa kompyuta hauwezi kuamua nani mkweli; huiweka kando karatasi ile ingojee macho ya karani. Na tazameni taabu yake: hazisimami zile dola za nafuu peke yake. Marejesho yote ya jamaa ile, pamoja na kodi iliyokatwa zaidi katika mshahara wa baba, pamoja na nafuu ya watoto, yote husimama nyuma ya tarakimu moja.

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi hawakuandika siku walipopokea, wala kiasi. Katika malipo ya tatu Idara iliwapelekea watu mapema mwaka 2022 barua yenye namba 6475, ikitaja kiasi kilichotumwa. Hata barua hiyo iliwakosesha watu wa ndoa, maana mume alipata yake na mke yake, na kila moja ilitaja nusu. Mume na mke wasio na watoto walipewa dola 2,800; kila mmoja akaona barua ya 1,400. Waliosoma barua moja tu na kuitupa ya pili walidai tena 1,400 ambazo zilikuwa zimekwisha kuliwa. Tena kulikuwa na mchafuko wa tarehe. Malipo ya tatu yalifika katika Machi 2021, wakati ule ule watu walipokuwa wakiandika hesabu ya mwaka 2020. Wengine wakayaingiza katika hesabu isiyo yake.

Makosa hayo hayakuwa ya watu wachache wasiojua kusoma. Mwisho wa majira ya kupokea hesabu katika mwaka 2021, hesabu zaidi ya milioni 35 zilikuwa zikingojea kushughulikiwa kwa mikono ya makarani, na mamilioni ya watu walipelekewa barua za kusahihishwa hesabu kwa ajili ya nafuu hii. Makarani nao walikuwa wametoka katika mwaka ambao ofisi nyingi zilifungwa kwa maradhi, na karatasi zimerundikana. Hatuwezi kuwalaumu walipa kodi peke yao. Barua zaidi ya milioni 5 katika zile za kusahihisha zilitoka bila ya kuwaambia watu kwamba wana siku 60 za kukataa masahihisho hayo; yaani haki ilikuwapo katika sheria, lakini haikuandikwa katika karatasi iliyomfikia mwenye haki. Idara ikalazimika kuwaandikia tena. Twaona kosa hilo lilikuwa kubwa kuliko la baba aliyeandika 5,800.

Yafaa pia tuwataje wale ambao daftari la Serikali lilisema wamelipwa, na wao hawakupokea. Katika mwaka 2020 watu karibu milioni 4 walipelekewa fedha zao katika kadi ya benki, ndani ya bahasha nyeupe isiyo na alama ya Serikali. Wengi waliidhania kuwa tangazo la biashara, wakaitupa takatakani. Wengine hundi zao zilipotea katika posta, au fedha zilipelekwa katika akaunti iliyokwisha kufungwa. Kwa watu hawa mstari wa 30 haukuwa njia ya kwanza. Iliwapasa kuomba Idara ifanye uchunguzi wa malipo, itazame kama hundi au kadi ile ilitumiwa na mtu. Aliyedai tu bila uchunguzi alijibiwa kwamba amekwisha kulipwa.

Sasa twende kwenye mambo yanayochelewesha marejesho, maana haya yangalipo hata leo katika hesabu za kila mwaka. La kwanza ni kupeleka karatasi kwa posta. Karatasi lazima ifunguliwe na mtu na kuingizwa katika mtambo na mtu. Hesabu iliyopelekwa kwa kompyuta, isiyo na kosa, na ambayo mwenyewe ameomba fedha ziingizwe moja kwa moja katika akaunti yake ya benki, aghalabu hulipwa katika siku 21. Ya karatasi yaweza kuchukua majuma mengi, na katika mwaka 2021 ilichukua miezi. Tena tangu mwisho wa Septemba 2025 Serikali ile imeanza kuacha kutoa hundi za karatasi, hata asiye na akaunti ya benki imempasa kutafuta njia nyingine ya kupokea.

La pili ni jina. Katika hesabu ya kodi jina lapaswa kuwa lile lile, kwa herufi zile zile, lililo katika kadi ya Hifadhi ya Jamii. Watu wa kwetu hupata taabu hapa, kwa kuwa majina yetu ni matatu au manne, na jina la ukoo si desturi ya kila kabila. Karani wa uwanja wa ndege aweza kulifanya jina la babu kuwa jina la ukoo, karani wa shule akalifanya jina la baba. Mwanamke akiolewa na kubadili jina, lakini hakuibadili kadi, hesabu yake husimama. Vile vile tarakimu moja ya namba ya benki ikikosewa, fedha hurudi zilikotoka, au, vibaya zaidi, huingia kwa mtu mwingine.

La tatu ni mtoto mmoja kuandikwa na watu wawili. Baba na mama wameachana, au mtoto amelelewa miezi kadhaa na shangazi, na kila mmoja aandika kwamba mtoto ni wake. Hesabu ya pili hukataliwa au huchunguzwa. Jambo hili lafaa kusemwa kwa mdomo katika ukoo kabla ya mtu kugusa kalamu.

La nne ni barua zisizofunguliwa. Idara ikishuku kwamba mwizi ametumia jina la mtu kudai marejesho, humwandikia mwenye jina ajithibitishe, na mpaka atakapojibu, fedha hazitoki. Watu wengi hungoja miezi sita wakiilaumu Serikali, na barua iko juu ya kabati. Wengine, kwa kukosa subira, hupeleka hesabu ile ile mara ya pili. Hapo huzidisha mambo, kwa kuwa sasa ziko hesabu mbili za mtu mmoja. Aliyekosea mstari wa 30 hakuhitaji kuandika hesabu ya masahihisho. Idara yenyewe ilisahihisha, ikaleta barua.

Neno juu ya wadanganyifu. Idara ya Kodi haianzi mambo kwa kumpigia mtu simu na kumtaka namba za benki yake. Huanza kwa barua. Tena wako waandishi wa hesabu wanaochukua sehemu ya marejesho kama ujira, kisha wanakataa kutia saini yao chini ya hesabu waliyoiandika. Mtu asiyetaka kutia saini kazi yake anajua sababu. Vipo vituo vya watu waliojitolea, waliofundishwa na Idara, ambao huwaandikia bure watu wa mapato ya wastani na ya chini.

Si kila aliyekaa Marekani alikuwa na haki ya fedha hizi. Wanafunzi wengi waliotoka Afrika ya Mashariki kwa ruhusa ya masomo, katika miaka yao mitano ya kwanza kwa kawaida huhesabiwa na sheria ya kodi kuwa wageni, na wageni hawakupewa. Baadhi yao walijaza karatasi 1040 badala ya karatasi ya wageni, ambayo ni 1040-NR, fedha zikawajia, wakafurahi. Kisha wakatakiwa kuzirudisha. Mkimbizi aliyekwisha kuhesabiwa mkaaji, mwenye namba ya Hifadhi ya Jamii inayomruhusu kufanya kazi, alikuwa na haki sawa na mwenyeji. Jambo la namba lilileta huzuni mwanzoni: kwa sheria ya Machi 2020, mume na mke walioandika hesabu pamoja, mmoja akiwa hana namba hiyo, wote wawili walinyimwa, isipokuwa katika nyumba za wanajeshi. Sheria ya Desemba 2020 ililegeza jambo hilo, tena kwa malipo ya kwanza pia, hata yule mwenye namba akaweza kudai kilichokuwa chake.

Imebaki habari ya muda. Sheria humpa mtu miaka 3 kudai marejesho. Baada ya hapo fedha huwa mali ya Hazina, ingawa haki yake ilikuwa wazi kama jua. Kwa hesabu ya mwaka 2020 siku ya mwisho ilikuwa tarehe 17 Mei 2024. Kwa hesabu ya mwaka 2021 ilikuwa tarehe 15 Aprili 2025. Kabla ya siku hiyo, katika Desemba 2024, Idara ilitazama daftari zake ikaona watu karibu milioni 1 waliopeleka hesabu ya mwaka 2021 lakini waliuacha mstari wa 30 mtupu, au waliandika sifuri, hali walikuwa na haki. Ikaamua kuwapelekea fedha zao bila ya kuombwa, zisizozidi dola 1,400 kwa mtu, jumla kama dola bilioni 2.4. Lakini wale ambao hawakupeleka hesabu yo yote, Idara haikuwa na daftari la kuwatazamia. Hao ndio waliokuwa maskini kuliko wote, na kwao mlango ulifungwa ile tarehe 15 Aprili.

Nafuu zile zimekwisha, lakini ziko nyingine zinazoendelea katika hesabu za kila mwaka, kama ile ya wafanyakazi wenye mapato madogo na ile ya watoto, nazo huhesabiwa katika karatasi ile ile, na muda wake wa kudai ni ile ile miaka 3. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 2015, mtu akidai nafuu ya wafanyakazi, au ile sehemu ya nafuu ya watoto inayolipwa mkononi, marejesho yake yote hayaruhusiwi kutoka kabla ya katikati ya Februari, hata kama alipeleka hesabu siku ya kwanza ya Januari iliyofunguliwa. Basi ndugu aliye huko akiandika kwamba amekwisha kupeleka hesabu yake, naye hana senti mpaka mwisho wa Februari au siku za kwanza za Machi, ni hivyo ilivyo kweli.